Nilidanganya Nina Msiba

Mwaka jana niliomba ruhusa ya siku tatu kazini. Niliandika kwamba nimefiwa na mjomba na kwamba ninasafiri kwenda kumzika. Hakukuwa na msiba. Asubuhi ile nilikuwa nimeketi kwenye benchi la hospitali moja ya binafsi jijini Dar es Salaam, nikimsubiri mke wangu amalize chupa ya pili ya maji, kwa maana daktari aliagiza kibofu kijae kabla ya kiinitete kuhamishiwa katika mfuko wake wa uzazi.

“Kazini umewaambia uko wapi?” aliniuliza.

“Nimewaambia nimefiwa na mjomba.”

“Mjomba yupi?”

Nikamtajia mjomba aliyefariki nikiwa bado sekondari. Akatikisa kichwa. “Afadhali hukumuua aliye hai,” akasema, kisha akarudi kwenye maji yake.

Naandika haya kwa idhini yake. Nimegundua kwamba watu wengi, wakiwamo wasomi, huingia katika chumba kile bila kujua kinachowangoja, kwa sababu waliotangulia hawasemi. Nami nilikuwa miongoni mwa wasiosema.

Shughuli yenyewe ni fupi; yetu haikufika robo saa. Mayai yalikwisha kuvunwa siku tano kabla na kurutubishwa maabara. Mke wangu alilala chali, muuguzi akaweka kipimo cha mawimbi ya sauti juu ya tumbo, na daktari akapitisha mpira mwembamba kwenye mlango wa kizazi. Kibofu kilichojaa husaidia mfuko wa uzazi kuonekana vizuri katika kioo. Hakudungwa sindano ya usingizi. Tuliona nukta nyeupe ikitua, nasi tukaambiwa hapo ndipo kilipo. Tulikuwa tumeomba viwekwe viwili ili tuongeze bahati. Daktari akatukatalia, akieleza kwamba mimba ya pacha humweka mama na watoto katika hatari zaidi, hasa ya kuzaliwa kabla ya wakati. Vingine vitatu vikagandishwa.

Mke wangu aliogopa kwenda msalani, akidhani kitadondoka. Hakidondoki. Wala kulala kitandani juma zima miguu ikiwa juu ya mito, kama shangazi yangu angeshauri laiti angejua, hakuongezi chochote. Mtu hutembea, hupika, hurudi kazini, ila aepuke kazi nzito kama daktari alivyomwelekeza. Maumivu madogo ya tumbo au matone machache ya damu yanaweza kutokea na si lazima yawe habari mbaya. Dawa haziachwi kwa sababu hiyo. Lakini tumbo likivimba sana, pumzi ikibana au mkojo ukipungua, usingoje kesho: rudi hospitali.

Kisha huja majuma mawili ya kungoja, na hapo ndipo penye kazi. Dawa za projesteroni anazotumia mama hujaza matiti, huleta usingizi na kichefuchefu. Dalili zote za mimba zipo, na hazithibitishi mimba. Siku ya sita nilinunua kipimo cha mkojo duka la dawa, mke wangu akakificha, na alifanya vema: mapema kiasi hicho kipimo huweza kudanganya kwa upande wowote. Jibu la kuaminika ni la damu, katika siku aliyoitaja daktari. Na hata katika nchi zenye vituo bora, uhamishaji usiozaa mtoto ni mwingi kuliko unaozaa, nao umri wa mama ukizidi miaka 35 nafasi huendelea kupungua. Haya tuliambiwa mapema. Tuliyasikia kama watu wanaosikia habari za wengine.

Siku ya jibu nilipigiwa simu nikiwa ofisini. Haikushika. Nilikuwa bado nimeshika simu pale mweka hazina wa chama chetu cha kufa na kuzikana alipobisha hodi, akaniletea bahasha. Wenzangu walikuwa wamenichangia rambirambi ya mjomba: shilingi 185,000, na karatasi yenye majina yao. “Pole sana, Daktari,” akasema. Nikapokea kwa mikono miwili. Nililia mbele yake, naye akanifariji kwa ajili ya mtu aliyezikwa zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

Kuna uongo mwingine wa zamani zaidi. Vipimo vilionyesha tangu mwanzo kwamba tatizo liko kwangu: mbegu zangu ni chache na dhaifu. Katika takriban nusu ya ndoa zenye shida hii, mwanamume ana sehemu yake. Hata hivyo ni mke wangu aliyedungwa sindano kila jioni, na ni yeye aliyeitwa pembeni na shangazi zangu wakimtajia mganga. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza. Yeye bado ni “Mwalimu”, na kila salamu humkumbusha. Nilikuwapo sebuleni shangazi walipomwita. Mimi niliyefundisha usawa wa kijinsia kwa muhula mzima nilitazama taarifa ya habari.

Wiki moja baada ya jibu nilirudisha bahasha ile na kumweleza mkuu wa idara ukweli. Aliniuliza jambo moja tu: “Kwa nini hukusema?” Sikuwa na jibu la heshima. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa mama, nikamwambia kwamba mwenye tatizo ni mimi. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akachukua simu akampigia mkwewe.

Lakini aibu yangu haikujizaa yenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama angalau siku 84 za likizo ya uzazi, baba angalau siku tatu mtoto akizaliwa, na angalau siku nne mfanyakazi akifiwa na mwenza, mzazi, mtoto, babu, bibi, mjukuu au ndugu yake. Mjomba hayumo hata katika orodha hiyo, ila desturi yetu ilinipa siku zile bila swali. Kwa anayetafuta mtoto hospitalini hakuna sheria wala desturi. Mke wangu alipata mapumziko kwa cheti cha daktari, na cheti hicho kilipita mikononi mwa watu wanne shuleni kwake. Bima yetu haikugusa gharama yoyote, tuliuza kiwanja.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye wodi zilizojaa haiwezi kugharamia anasa hii. Hoja hiyo si ngeni. Mwaka 1971 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilikataa kuwafadhili Robert Edwards na Patrick Steptoe. Miaka saba baadaye, tarehe 25 Julai 1978, akazaliwa Louise Brown, binti wa mama ambaye mirija yake ya uzazi ilikuwa imeziba. Binti huyo leo ni wa rika langu. Shirika la Afya Duniani linauhesabu ugumba kuwa ugonjwa, na mwaka 2023 lilikadiria kwamba humgusa mtu mmoja kati ya sita katika maisha yake. Tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka huohuo. Sidai kwamba bima ilipe kila kitu kesho. Nadai kwamba ianze na vipimo vya mume na mke kwa pamoja, na kwamba waajiri watoe siku chache za matibabu haya kwa siri ya kitabibu. Siku hizo hazitavunja hazina ya taifa. Tayari tunazitoa, kwa jina la mazishi ya uongo.

Mwezi ujao tutahamisha kiinitete cha pili. Safari hii nimeandika katika barua: “Naomba ruhusa ya siku tatu kumsindikiza mke wangu katika matibabu ya uzazi.” Ofisa utumishi aliisoma mara mbili, akasema hakuna fungu la ruhusa ya namna hiyo, akazikata siku zangu tatu kwenye likizo ya mwaka. Nimetia saini.