Nyati Asiye Wetu

Treni ya kutoka Mpanda kwenda Tabora haina haraka, na mama anayesafiri na watoto hana budi kutafuta la kuwashughulisha. Njia hii ya reli ilifikishwa Mpanda wakati wa ukoloni kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Safari ile mimi niliipanda na binti yangu wa miaka saba, pamoja na dumu la asali na gunia la mchele.

Nilifungua pindo la khanga nikazipanga sarafu mapajani. Kwanza azitambue kwa wanyama wake. Hamsini ina kifaru na mtoto wake, mia ina swala, mia mbili ina simba. Mia tano, iliyoanza kutumika mwaka 2014, ina nyati. Huyo hakumsumbua, maana kusini mwa Mpanda iko Hifadhi ya Taifa ya Katavi, inayosifika kwa makundi makubwa ya nyati.

Kisha tukacheza duka. "Elfu moja ukitoa mia saba?" Kimya. Basi nikamwonyesha njia ya wauzaji sokoni: anza na bei, kisha panda mpaka ufike kwenye pesa uliyopewa. Ndizi ni mia saba. Weka mia, sema "mia nane". Weka mia mbili, sema "elfu". Ulichoweka ndicho chenji. Baada ya mara tano alikuwa ananisahihisha mimi!

Kabla ya kuvuka mto Ugalla tulisimama kwenye kituo kidogo. Nilinunua karanga za mia sita dirishani, nikatoa noti ya elfu. Mama muuzaji, huku akiitwa na abiria wengine, alinirudishia sarafu mbili. Binti akazishika, akahesabu.

"Mama, ilitakiwa simba wawili. Huyu mmoja ni nyati. Si wetu."

Wapendwa, nikiri kwamba nilisita. Filimbi ilikwisha kulia, na mama yule alikuwa behewa la pili. Lakini mtoto alikuwa ananitazama machoni. Nikamwambia, "Mwite."

"Mama karanga! Shikamoo! Umezidisha!"

Alikuja mbio, akaupokea ule mkono mdogo na sarafu ya nyati. Treni ikaondoka kabla hajatoa simba wetu.

"Sasa tumepungukiwa mia mbili," binti akasema. Hesabu yake ilikuwa sahihi.

"Ndiyo. Lakini yeye angepungukiwa mia tatu, na jioni asingejua zimekwenda wapi."

Alifikiri kidogo, kisha akaendelea kula karanga.

Mama mwenzangu, ukimtuma mtoto dukani mwambie ahesabu chenji palepale kabla ya kuondoka. Akirudi, usimnyang'anye sarafu; mwache akuhesabie. Na ikizidi, mrudi dukani wote wawili.