Mchumia Juani na Kivuli Chake

Kwa mpwa wangu,

Swali lako halina haja ya kuzungushwa: kama juhudi hulipa, mbona wasomi wa rika lako wamejaa mitaani na vyeti vyao, ilhali wazee wenye elimu ndogo kuliko yenu walijenga na kusomesha? Wengi wa rika langu watakujibu kwamba vijana wa leo hamtaki kazi. Jibu hilo ni jepesi, nami silikubali. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, lakini kivuli hakioti kwa jasho la mchumaji. Yupo aliyepanda mti.

Tazama wasomi wa kwanza. Kitivo cha sheria kilichozaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 na wanafunzi wasiofika 20. Wakoloni walikuwa wanaondoka ofisini, na mwenye cheti alisubiriwa na kazi. Serikali ilimsomesha, ikamwajiri, na uzeeni ikampa pensheni. Bidii alifanya, sikatai, ila uchache wa wasomi ndio uliompandisha bei. Sensa ya 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12. Ya 2022 imehesabu milioni 61.7. Katikati hapo, serikali ilibana matumizi miaka ya 1980, na miaka ya 1990 mashirika ya umma yakabinafsishwa na wafanyakazi wengi wakapunguzwa. Leo kijana husoma kwa mkopo, na akibahatika kuajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara kuulipa. Bidii ni ileile, masharti ndiyo yamegeuka.

Utasema basi zamani ilikuwa neema tupu. Hata kidogo. Mkulima wa pamba wa Usukuma na wa kahawa wa Kagera waliamka mapema kuliko karani yeyote. Vyama vyao vya ushirika vilivunjwa 1976, mamlaka za mazao zikashika ununuzi, na fedha waliyolipwa ikazidi kupungua nguvu mbele ya bei ya sabuni na nguo. Pamba na kahawa zao zilikuwa miongoni mwa mazao yaliyoipa nchi fedha za kigeni, na sehemu ya jasho lao ndiyo iliyomjengea msomi ofisi. Kwa hiyo tofauti haiko kati ya kizazi chenye bidii na kizazi kivivu. Hata ndani ya kizazi kimoja, aliyetoka jasho jingi si lazima awe ndiye aliyekula kivulini.

Hata leo ni hivyo. Mtazame dereva wa bodaboda wa mkataba. Kila jioni hesabu ya tajiri lazima ifike. Mafuta, oili na pancha ni juu yake, na akiugua, hesabu hailali. Mkataba ukiisha pikipiki inakuwa yake, lakini injini imeshachoka. Mwenzake aliyeandikiana na tajiri nani atalipia matengenezo makubwa, siku za ugonjwa zihesabiweje, na kadi ya pikipiki itabadilishwa jina lini, huamka alfajiri ileile na kuzunguka njia zilezile. Mwisho wa mkataba hawatakuwa sawa.

Wapo watakaosema nakufundisha kuchagua kazi, na kwamba kuna waliotoka chini kwa juhudi tu. Hoja hiyo ina uzito: asiyetoka kutafuta hapati. Lakini wachunguze waliofanikiwa, utakuta jasho lao liliacha kitu: kiwanja chenye hati, ufundi wanaohama nao, wateja wanaowajua kwa jina, akiba kwenye chama cha kuweka na kukopa. Bidii isiyoacha kitu humaliza mwili tu.

Basi, kabla ya kushika kazi jiulize: baada ya mwaka, mkononi mwangu kitabaki nini? Kama ni ujuzi, hata mshahara mdogo uvumilie kwa muda. Kama si chochote, idai bei ya juu au tafuta pengine. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unapokea waliojiajiri, nawe ukijiajiri changia japo kidogo. Na msidai kila mtu kivyake, maana tajiri humshinda mmoja mmoja. Kaa na wenzako kijiweni mkubaliane masharti msiyoyapokea. Kuuliza malipo mapema si utovu wa adabu, hata wazee tukikunja uso.

Nisalimie dada yangu, mama yako.

Ni mimi mjomba wako.