Okidi ya Msituni na Okidi ya Roshanini

Aliye na okidi inayodhoofika chunguni, kabla hajaitafutia dawa, na aende kuitazama jamaa yake ilipo kwao. Kwetu sisi wa Mombasa safari si ndefu. Twavuka kwa feri ya Likoni, twashika barabara ya kusini hadi Kombani, kisha twapinda kulia kuelekea Kwale. Njia yapanda, joto la mji lapungua, na muda si mrefu twaingia Shimba Hills, msitu uliotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968.

Wageni wengi huja kumtazama palahala, kwani hapa ndipo makazi yake ya mwisho nchini. Sisi twainua macho mitini. Kwenye panda za matawi hukaa okidi ya pwani yetu ambayo wataalamu huiita Ansellia africana. Maua yake ni ya manjano yenye madoa ya kahawia, mfano wa ngozi ya chui. Haina udongo, wala haiunyonyi mti inaoukalia. Mizizi yake mikubwa imeshika gome, na mingine myembamba imesimama kama sindano, ikinasa majani makavu yaangukayo. Yakioza, huwa chakula chake. Mvua hunyesha, maji yakatiririka, upepo ukapita, mizizi ikakauka.

Okidi zinazouzwa mjini nyingi ni za jamii ya Phalaenopsis, asili yake misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Nazo kwao huishi juu ya miti. Kwa hiyo zifazo majumbani, mara nyingi haziuawi na kiu bali na wingi wa maji. Mizizi iliyolowa mfululizo hukosa hewa ikaoza, na mmea usio na mizizi hunyauka kama wenye kiu. Mwenyewe kwa huruma huongeza maji, na maradhi yakazidi.

Kuuokoa, utolewe chunguni na mizizi ioshwe. Mzizi mzima ni mgumu, wa kijivu ukikauka na wa kijani ukilowa. Uliooza ni wa kahawia, laini, na ndani mtupu. Uliooza ukatwe kwa mkasi safi, na palipokatwa, hapo tu, papakwe unga wa mdalasini. Mmea ukae siku moja ukauke, kisha upandwe katika chungu chenye matundu, ndani yake vipande vya makaa na makumbi ya nazi yaliyorowekwa na kusuuzwa chumvi ikatoka. Umwagiliwe asubuhi, mizizi irudipo kuwa ya kijivu, ikiwezekana kwa maji ya mvua, maana visima vingi vya mji wetu vina chumvi. Uwekwe penye upepo na mwanga, mbali na jua la adhuhuri. Mzizi mpya huenda ukachukua miezi, yataka subira.

Lakini mapenzi yasitufikishe kung'oa za msituni. Ansellia imepungua kwa kuchukuliwa porini na kwa kukatwa miti inayoibeba, na biashara ya okidi za porini kati ya nchi na nchi imewekewa masharti na mkataba wa kimataifa. Ya Shimba na ibaki mtini pake, wanetu nao waje waione. Ya roshanini tuipunguzie maji.