Pikipiki Yangu na Miguu Yangu Mirefu

Mimi ni mtu mrefu. Nina mita 1 na sentimita 96, na tangu ujana wangu vitu vingi vimekuwa vifupi kwangu: vitanda, milango, suruali na madawati ya shule. Wanafunzi wangu hapa Lubumbashi wamenipa jina la Shemine, maana wanifananisha na dohani ndefu ya Gécamines isimamayo kando ya ule mlima mweusi wa masalio ya madini. Sikasiriki. Lakini mwaka jana urefu huo ulinifunza jambo moja, na funzo lenyewe nusura limwumize mtoto wa jirani. Ndilo nitakalowasimulia.

Nakaa Katuba, nafundisha Rwashi. Kwa miaka mingi nilikwenda kazini mara kwa miguu, mara kwa basi. Wakati wa mvua nilifika darasani na matope hadi magotini. Wakati wa kiangazi nilifika mwekundu kwa vumbi. Hapa kwetu pikipiki twaiita moto, na wale wabebao abiria twawaita manseba, yaani mjomba. Lakini kumlipa mjomba huyo kila siku, asubuhi na jioni, kungaliumaliza mshahara wa mwalimu kabla mwezi haujafika katikati.

Basi mimi na mke wangu tukaingia likelemba pamoja na walimu wenzetu: kila mwezi kila mmoja hutoa fungu lake, na mmoja hupokea yote. Tukaongeza fedha ya mahindi ya shamba letu. Baada ya miaka miwili tukapata dola 1,050, nami nikanunua pikipiki mpya iliyotoka India.

Siku ile furaha ilinipofusha macho. Nilitazama rangi, nilisikiliza sauti ya mtambo, nikalipa. Sikukaa juu yake hata kwa dakika 5. Nilipoanza safari ya kurudi nyumbani ndipo nilipojua hali yangu: magoti yalipanda juu kama ya panzi, na kila nilipopinda kona usukani uligonga goti. Nilipofika Katuba kiuno kiliniuma na nyayo zilikufa ganzi. Watoto wa mtaani walicheka sana, na haki walikuwa nayo.

Kosa halikuwa la kiwanda. Kiwanda cha Honda, huko Japani, kilianza kutengeneza pikipiki ndogo iitwayo Super Cub mwaka wa 1958, na ilipofika 2017 zilikuwa zimetimia milioni 100. Kitu kifanywacho kwa wingi namna hiyo hukatwa kwa kipimo cha mtu wa kati. Aliye mfupi mno au mrefu mno hana budi kukirekebisha mwenyewe. Swali ni namna gani.

Mimi nilichagua njia ya haraka. Nilimwendea kijana mmoja mchomeleaji, nikamwambia, “Niinulie usukani huu, magoti yangu yapite.” Hakuniuliza neno, wala mimi sikumwuliza. Aliweka vipande viwili vya chuma chini ya usukani, ukapanda sentimita 10. Nilimlipa, nikaenda zangu kwa fahari. Magoti yalipita vizuri.

Jioni ile nilikuwa naingia uani kwetu polepole sana. Nilipoupinda usukani hadi mwisho, upande wa kushoto, mtambo ulinguruma wenyewe, na pikipiki ikaruka mbele kama mbuzi aliyekatikiwa kamba. Mbele yangu alisimama binti wa jirani, wa miaka 8, na ndoo ya maji kichwani. Nilikanyaga breki, nikaiangusha pikipiki ubavuni, nami nikaanguka pamoja nayo. Gurudumu lilisimama hatua moja tu mbele ya miguu yake. Ndoo ilipasuka. Mtoto alinitazama pale chini, akasema, “Mwalimu, maji yangu!” Kisha akalia.

Sikulala usiku ule. Kesho yake nilimpelekea mama yake ndoo mpya na kumwomba radhi. Halafu niliisukuma pikipiki kwa mkono hadi Kenya, kwa mzee mmoja fundi ambaye manseba wengi humheshimu. Aliutazama usukani, akaushika waya wa mafuta, nao ulikuwa umekazika kama uzi wa zeze. Akasema, “Mwalimu, umeiinua mikono ya moto, lakini hukuirefushia mishipa.”

Nikaelewa. Waya ule watoka mkononi hadi kwenye mtambo. Usukani ukiinuliwa na waya ukabaki ule ule mfupi, basi kila upindapo kona usukani huuvuta, na mtambo hupokea mafuta ingawa mkono wako haukuamuru. Waya wa klachi na mpira wa breki vile vile huvutika.

Mzee hakushika chombo chochote bado. Alileta kamba, akaniambia nikae juu ya pikipiki huku kijana wake akiishikilia. Alipima kutoka kitini hadi mahali pa nyayo, na kutoka begani hadi usukani, akifunga fundo kila kipimo. Hapo nilimkumbuka bruda seremala wa seminari yetu ndogo. Magoti yangu yalipoanza kugonga dawati, alinipima kwa kamba vivyo hivyo kabla ya kuongeza miguu ya dawati. Nilikuwa nimelisahau somo lile kwa miaka 20.

Mzee akaniuliza tena, “Nani mwingine hupanda?” Nikajibu, “Mama watoto.” Akasema, “Mwite.” Mke wangu alipofika, akapimwa naye.

Kazi ilichukua siku mbili. Usukani ulishushwa, ukabaki juu kwa sentimita 4 tu, tena kwa waya mpya zilizo ndefu zaidi. Kiti kiliongezewa sponji ngumu ya sentimita 6 upande wa mbele. Nyuma kiliachwa kama kilivyokuwa, ili mke wangu apande bila taabu. Mahali pa nyayo palishushwa sentimita 3 na kurudishwa nyuma kidogo. Niliomba pashushwe zaidi, mzee akakataa: pikipiki ilalapo katika kona, chuma hicho kingekwaruza ardhi na kuniangusha. Kikanyagio cha breki na cha gea vilifuatishwa. Mwisho alikaza springi za nyuma, ziweze kutubeba wawili. Nililipa dola 45, mara tatu ya fedha niliyompa yule kijana wa kwanza.

Kabla ya kunikabidhi, aliwasha mtambo pikipiki ikiwa imesimama, akaupinda usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Sauti haikubadilika. “Fanya hivi kila mara mtu akiugusa usukani wako,” akasema. Tangu siku ile nafanya hivyo, tena nawafundisha wanafunzi wangu wakubwa, kwa kuwa wengi wao watapanda pikipiki kesho.

Enyi vijana, wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mkinunua chombo, kaeni juu yake kwanza. Mkikibadilisha, msitazame goti lenu peke yake. Fuateni kila waya hadi mwisho wake, mkamkumbuke na yule aketiye nyuma yenu, na yule apitaye mbele yenu.

Binti yule bado huchota maji kila jioni. Nikifika uani, nazima mtambo langoni na kuisukuma pikipiki kwa mkono. Yeye hucheka, huniambia, “Mwalimu, sasa waogopa ndoo yangu!” Nami namjibu kwamba ni kweli.