Kalemie: Mvua Inyeshapo Nje ya Majira

Katika nchi za baridi kule Ulaya na Amerika ya Kaskazini, mkulima haiogopi sana theluji ya mwezi wa Januari. Ameitazamia, mbegu zake zimelala ardhini, na miti yake haina jani. Anayoiogopa ni ile inayorudi mwezi wa Aprili, wakati miti imekwisha kuchanua. Mwezi wa Aprili mwaka 2021, kwa siku chache tu za sakitu, yaani umande ulioganda, mashamba ya mizabibu na ya matunda yaliharibika sehemu nyingi za Ufaransa. Baridi ile isingekuwa habari kubwa kama ingekuja miezi mitatu kabla. Ubaya wake ulikuwa kuja nje ya wakati.

Pwani ya Ziwa Tanganyika haianguki theluji. Walakini wakulima na madereva wa Kalemie wanaye adui wa namna ile ile: mvua inayonyesha wakati watu wamekwisha kuiaga.

Kalemie ni mji mkuu wa jimbo la Tanganyika, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Zamani za utawala wa Wabelgiji uliitwa Albertville. Uko pwani ya magharibi ya ziwa, mahali ambapo mto Lukuga hutoka ziwani kwenda kujiunga na Lualaba. Ziwa lenyewe lina urefu upatao kilomita 670, na katika urefu wote huo Lukuga ndiyo njia moja tu ya kutokea maji yake. Mwaka 1915 reli ya kutoka Kabalo, kilomita zipatazo 270, ilifika hapo. Na mwaka 1956 Kabalo ikaunganishwa na Kamina. Hivyo mzigo uliweza kutoka Katanga hadi ziwani, ukavuka kwa meli mpaka Kigoma, na kuikuta reli ya kwenda Dar es Salaam.

Reli hiyo ingalipo, lakini treni zake zimepungua sana. Siku hizi chakula kingi cha mji hufika kwa mitumbwi, kwa baiskeli, kwa pikipiki, na zaidi kwa malori. Magharibi njia yaelekea Nyunzu na Kabalo. Kusini yaelekea Moba na Pweto. Kaskazini yapita Bendera kwenda Fizi na Uvira. Nje ya mji njia hizo ni za udongo. Lori likirudi kutoka vijijini hubeba mihogo mikavu, mahindi, karanga na mafuta ya mawese. Likienda huko hubeba chumvi, sabuni, vitambaa, na magunia ya ndagala, wale samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa. Basi jembe la shamba, wavu wa ziwani na gurudumu la lori ni ndugu watatu. Mmoja akiugua, wenzake hawalali.

Majira ya nchi hii yajulikana na kila mtoto. Mvua huanza mwezi wa Oktoba na kukoma mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei. Kisha upepo mkavu wa kusini mashariki huvuma, na kiangazi huendelea mpaka Septemba. Kazi zote zimepangwa juu ya kalenda hiyo. Mvua ni ya kulima, kupanda na kupalilia. Jua ni la kuvuna, kukausha na kusafirisha.

Lakini iko miaka ambayo mvua haishiki ahadi. Mwisho wa mwaka 2023 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto kuliko kawaida, na wakati huo huo Bahari ya Pasifiki ilikuwa na lile joto liitwalo El Niño. Mvua ya Afrika ya Mashariki ikazidi. Miezi ya Aprili na Mei 2024 ziwa lilipanda juu mno, na maji yakaingia katika mitaa ya pwani huko Bujumbura, Uvira na Kalemie. Wazee waliikumbuka miaka ya 1960, maana mwaka 1964 pia ziwa lilikuwa limepanda sana. Watu wa mjini waliona maji nyumbani mwao. Watu wa mashambani walikuwa na hasara nyingine, isiyoonekana upesi.

Tuanzie shambani. Mahindi yaliyokomaa yanaposimama yakingoja jua, mvua ya siku tatu huyaamsha. Maji huingia ndani ya maganda, ukungu huota, na punje nyingine huanza kuchipua juu ya mhindi wenyewe. Karanga zilizong'olewa na kuachwa juu ya matuta huwa nyeusi. Ndagala walioanikwa mchangani huoza kabla ya jioni, na usiku mzima wa uvuvi hupotea pamoja nao.

Mihogo ina shauri lake. Ile michungu ina sumu, nayo huondoka ikiwa mihogo imelowekwa majini siku kadhaa, kisha ikamenywa na kukaushwa vema juani. Mvua ikikatiza kazi hiyo, vipande huota ukungu. Mama mwenye njaa nyumbani hushawishika kufupisha siku za kuloweka ili apate unga upesi. Hapo ndipo penye hatari. Katika sehemu mbalimbali za Kongo, watu waliokula kwa majuma mengi mihogo isiyotengenezwa vizuri, bila chakula kingine cha kutosha, wamepatwa na ugonjwa wa konzo, ambao hulemaza miguu ghafla wala haiponi tena.

Sasa twende barabarani. Udongo mwekundu ukikauka huwa mgumu kama tofali, na lori hupita juu yake bila taabu. Ukilowa, gurudumu huchimba mfereji. Maji yakikaa ndani ya mfereji huzidi kuulainisha. Lori la pili hupita humo humo na kuuchimba zaidi. La tatu hunasa hata ekseli ikagusa udongo. Ndipo huonekana wasaidizi wa dereva na koleo na mapanga, wakikata matawi ya kuweka chini ya magurudumu, nao wasafiri walioketi juu ya magunia hushuka kusukuma. Siku moja huwa mbili, mbili huwa nne.

Kwa sababu hiyo, tangu zamani, Kongo ina desturi ya kizuizi cha mvua: mti mrefu uliolazwa kukatisha njia. Mvua ikinyesha, magari mazito husimamishwa, nayo hungoja hata baada ya mvua kukoma, mpaka uso wa njia ukauke. Desturi hii si ya Afrika peke yake. Huko Ufaransa, barafu inapoyeyuka mwisho wa baridi, wenye mamlaka ya barabara huweza kuzifunga njia fulani kwa malori mazito. Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani na katika Kanada, uzito wa mizigo hupunguzwa kwa sheria wakati huo huo. Sababu ni moja kila mahali: maji yakikaa chini ya barabara, ardhi hupoteza nguvu zake.

Tena uzito una hesabu ya kutisha. Kati ya miaka ya 1958 na 1960, wahandisi wa Marekani waliendesha malori mchana na usiku juu ya barabara za majaribio karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois. Waliona kwamba ekseli ikibebeshwa uzito mara mbili, barabara haichakai mara mbili, bali karibu mara 16. Nazo zilikuwa barabara za lami na saruji. Je, njia ya udongo uliolowa itavumilia nini?

Hata hivyo, penye kizuizi ndipo penye ugomvi. Mwenye magunia humwambia mlinzi, "Papa, fungua, mahindi yangu yataoza hapa." Mlinzi hujibu, "Mama, nikikufungulia wewe leo, kesho hakuna atakayepita." Wote wawili wasema kweli, na huo ndio uzito wa jambo lenyewe. Gunia lililolowa haliwezi kungoja. Njia iliyolowa haiwezi kubeba. Dereva mwenye haraka akimpa mlinzi fedha kidogo, mti huinuliwa. Lori moja hupita, na kijiji kizima hukatwa na soko kwa majuma. Aliyelipa amejinunulia siku mbili. Waliobaki nyuma wamelipa mavuno yao. Wahenga walisema, kawia ufike. Barabarani neno hilo laweza kuongezwa: kawia, na mwenzako naye afike.

Lakini haifai kumwambia mkulima angoje tu, bila kumwonyesha namna ya kungoja pasipo hasara. Mambo manne yamo katika uwezo wa kijiji.

La kwanza, mihogo ni ghala la ardhini. Hukaa udongoni miezi mingi baada ya kukomaa. Mbingu zikiwa na mashaka, ing'olewe ile tu iwezayo kukaushwa.

La pili, mazao yaanikwe juu ya uchanja ulioinuliwa, si juu ya ardhi wala kandokando ya njia, na turubai liwe karibu. Hata ndagala hukauka vizuri juu ya uchanja wa wavu, nao hukusanywa upesi wingu likitokea.

La tatu, mahindi yapimwe kabla ya kutiwa magunia. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kidogo pamoja na punje za mahindi, funga, tikisa vema, kisha uiache itulie. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi yangali na maji. Kipimo hiki kidogo chaweza kuokoa jamaa nzima, kwa maana ukungu wa mahindi na karanga huzaa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo haionekani kwa macho, kupika hakuiondoi yote, nayo hudhuru ini.

La nne, maji yapewe njia yao. Barabara nyingi za vijijini hutengenezwa kwa mikono na kamati za wenyeji, kwa majembe na makoleo. Mtaro uliozibuliwa mwezi wa Aprili, kabla ya mvua za mwisho, waondoa maji siku ile ile. Uliozibwa na majani huyarudisha katikati ya njia. Na penye kizuizi, banda la bati lenye sakafu iliyoinuliwa lingeweza kumaliza nusu ya ugomvi, maana magunia yangengoja mahali pakavu, wala mama mwenye mahindi asingekuwa na sababu ya kumsihi mlinzi.

Msomaji mpenzi, ugali, ambao watu wa Kalemie huuita bukari, ukifika mezani pamoja na ndagala, umesafiri safari ndefu kuliko inavyoonekana. Umelowekwa mtoni, umeanikwa juani, umepandishwa juu ya lori, na labda umelala siku mbili mbele ya mti uliokatisha njia. Mvua hatuwezi kuiamuru ije lini. Twaweza kuzibua mtaro mapema, kukausha kwa uangalifu, na kuuacha mti ule chini mpaka njia ikauke.