Mali Haikutosha: Somo Nililopewa na Wanafunzi Waliobuni Gemu

  

 Kila mwaka mhariri wa jarida letu huniomba nasaha, nami kila mwaka huandika juu ya kuhifadhi wakati, kuheshimu wazazi na kudurusu masomo. Mwaka huu nimeona niandike kisa kilichonipata mwenyewe, tena kisa ambacho aliyekosea ndani yake ni mwalimu na waliokuwa sahihi ni wanafunzi. Wahusika watatu nimewaomba idhini, nao wamekubali kwa sharti kwamba nisiwataje majina.

Nyote mnaufahamu msimamo wangu juu ya gemu. Karibu na madrasa yetu kuna kibanda ambacho vijana hulipa fedha kidogo kwa kila mechi, na baadhi yenu nimewahi kuwatoa humo mkononi wakati wenzenu wameshaanza darasa baada ya sala ya Alasiri. Nilizoea kusema kwamba gemu ni mwizi asiyevunja mlango, kwa sababu mwenye nyumba humfungulia mwenyewe. Maneno hayo sijayafuta. Lakini nimejifunza kwamba hayakuwa yote.

Mwaka 2023, siku chache baada ya Idi, walinijia wanafunzi watatu, wavulana wawili wa kidato cha tatu na msichana mmoja wa kidato cha pili. Walinieleza kwamba shuleni kwao kumetangazwa mashindano ya shule za sekondari, ambapo kila kundi linatakiwa libuni gemu ya kompyuta yenye kufundisha jambo. Wao walikuwa wamechagua mirathi, na walitaka niwasahihishie hesabu za mafungu.

Nilikasirika. Niliwaambia, "Dini si mchezo. Nendeni mkatafute jambo jingine."

Wavulana waliinamisha vichwa. Yule binti akasema kwa adabu, "Ustadhi, sisi hatuendi kucheza. Tunakwenda kutengeneza." Sikumjibu. Niliendelea kukusanya misahafu, nao wakaondoka.

Usiku nilimsimulia mke wangu, nikitarajia aniunge mkono. Akaniuliza, "Mwaka huu ni watu wangapi wamekuja kukuuliza mirathi kabla hawajagombana?" Nikafikiri, nikaona hakuna hata mmoja. Wote walionijia walikuja wakiwa wameshafikishana kwa balozi wa mtaa au mahakamani. Akasema, "Basi leo wamekuja watatu, wewe umewafukuza." Kesho yake niliwatafuta wanafunzi wale nikawaambia waniletee walichokifanya.

Walikuja na laptopu kuukuu ya kaka wa mmoja wao. Betri yake ilikuwa imekufa, hivyo ilifanya kazi ikiwa kwenye umeme tu, na umeme ukikatika nayo huzimika. Walitumia programu iitwayo Scratch, iliyotolewa kwa umma mwaka 2007 na watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani. Programu hiyo ni ya bure, ina Kiswahili ndani yake, na ukishaiweka kwenye kompyuta unaweza kuitumia bila ya intaneti. Mwanafunzi halazimiki kuandika maneno magumu ya kompyuta. Hupanga vipande vya rangi kimoja chini ya kingine, kama mtoto anavyopanga vibao, na kila kipande ni amri: nenda, subiri, jumlisha, kama likitokea hili basi fanya lile. Nilikuja kufahamu pia kwamba mashindano ya namna hii si mageni duniani, kwani huko Marekani yalianzishwa ya taifa zima mwaka 2010.

Gemu yao ilikuwa hivi. Mchezaji anakabidhiwa mali ya marehemu. Warithi hawakuchorwa sura. Kila mmoja ni bahasha yenye jina lake: mke, mama, mtoto wa kiume, mtoto wa kike. Mchezaji anatakiwa kutia katika kila bahasha kiasi kinachostahiki. Lakini akianza tu kugawa, mlango unagongwa, na yanatokea maandishi: "Mimi muuza samaki. Marehemu nilikuwa namdai." Aliyekwisha kugawa anarudishwa mwanzo. Ndipo mchezaji anapojifunza, bila ya kuhutubiwa, kwamba kwanza ni gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja, na baada ya hapo ndipo warithi.

Nilimuuliza binti yule ni nani aliyebuni habari ya muuza samaki. Akasema ni yeye. Baba yake alipofariki, vitu viligawanywa wiki hiyo hiyo, na wenye madeni walipokuja walimkuta mama yake peke yake. Nilinyamaza, kwa sababu kwenye hitma ile nilikuwapo. Nilisoma, nikaomba dua, nikala, nikaondoka. Sikuuliza kama marehemu alikuwa na deni.

Tangu siku hiyo nikawa nakaa nao kila Alhamisi baada ya darasa. Nikaona ajabu moja. Mafungu ambayo nimeyafundisha miaka minane kwa kuyaimbisha, wao walikuwa wakiyahoji moja baada ya jingine. Kompyuta haikubali maneno ya jumla. Ukiiambia "mke anapata thumni," itampa thumni hata pale ambapo marehemu hakuacha mtoto, na hapo haki yake ni robo. Kwa hiyo walilazimika kuniuliza: Ni wakati gani? Kwa sharti gani? Na kama yupo fulani? Mwanafunzi anayehifadhi anaweza kuhifadhi bila ya kufahamu. Anayeifundisha kompyuta hawezi, kwa sababu kompyuta itamuumbua.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Zikiwa zimebaki siku mbili za kukabidhi kazi, walinifuata msikitini baada ya sala ya Magharibi. Walikuwa wakitengeneza hatua ya mwisho ya gemu: mwanamke amefariki, hakuacha mtoto wala wazazi, ameacha mume na dada zake wawili wa baba na mama. Mali ni shilingi 4,200,000.

"Ustadhi," mmoja akasema, "mume nusu, dada wawili thuluthi mbili. Mume 2,100,000. Dada 2,800,000. Jumla 4,900,000. Mali haitoshi. Zimepungua laki saba."

Nilikuwa na haraka, kwani nilialikwa mahali. Nikawaambia, "Mmekosea kupanga vipande vyenu. Mpeni mume nusu yake, na kinachobaki wapeni madada." Binti akasema, "Lakini ustadhi, thuluthi mbili yao imetajwa ndani ya Qur'an." Nikasema, "Fanyeni nilivyowaambia." Nikaenda zangu.

Nikiwa nimekaa mbele ya sinia, maneno ya binti yule yakawa yananirudia. Haki ya mume imo katika Surat An-Nisaa aya ya 12, na ya dada wawili imo katika aya ya 176 ya sura hiyo hiyo. Nilitoa wapi mamlaka ya kumtimizia mmoja na kuwapunguzia wengine? Ndipo nilipokumbuka neno nililolisoma chuoni nilipokuwa nachukua diploma, nikalifanyia mtihani, nikafaulu, nikalisahau: aul. Mafungu yakizidi mali, kila mrithi hupunguziwa kwa kadiri ya fungu lake. Jambo hili limepokewa kuwa lilijitokeza zama za Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), na mas-ala yanayotajwa sana kuwa ya kwanza ni haya haya, mume na dada wawili. Ibn Abbas (R.A.) alikuwa na rai nyingine, lakini madhehebu manne yameshika aul. Nami jibu langu sikulitoa katika rai ya yeyote. Nililitoa katika haraka.

Hesabu yake ni nyepesi. Asili ni sita: mume tatu, madada nne, jumla saba. Basi mali igawanywe mafungu saba badala ya sita. Kila fungu ni 600,000. Mume anapata 1,800,000 na kila dada 1,200,000. Jumla inatimia 4,200,000 bila ya kupungua senti. Kwa jibu langu kila dada angepata 1,050,000. Yaani kwa neno moja nililolitoa nikiwa mguu mmoja uko mlangoni, nilimnyang'anya kila mmoja wao 150,000 na kumpa mume 300,000 zisizo zake. Hao walikuwa ni warithi wa kwenye kompyuta. Nikajiuliza, je, wa kweli nimewafanyia hivi mara ngapi?

Niliomba radhi kwa mwenyeji wangu, nikatoka kwenda nyumbani kwa kijana mwenye laptopu. Niliwakuta wote watatu, na kaka yake akiwa nao. Walikuwa wameshabadilisha hatua ile kama nilivyowaagiza, ingawa nyoyo zao zilikataa. Hilo liliniumiza kuliko kosa lenyewe. Walinitii katika jambo walilojua kuwa si sahihi, kwa sababu mimi ni mwalimu wao.

Niliwaambia wazi, "Nimekosea. Binti huyu alikuwa sahihi." Tukakaa tukarekebisha. Umeme ulikatika mara moja, kazi ya nusu saa ikapotea, tukaanza tena. Tulimaliza karibu na saa tano za usiku, nikamsindikiza binti hadi kwao nikiwa na kaka yule, na mama yake akatufungulia mlango.

Hawakushinda. Walishika nafasi ya tatu, wakapewa vyeti. Lakini mmoja wa waamuzi, mwalimu wa hisabati ambaye si Muislamu, alipofika hatua ya mwisho aliwauliza inakuwaje mafungu yanazidi kitu kizima. Binti akasimama akamweleza aul mbele ya watu, kwa utulivu, kutoka sita kwenda saba. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma. Nilimshukuru Allah kwamba hakusimama pale akiwa na jibu langu la kwanza.

Wanafunzi wangu, msinifahamu vibaya. Kibanda kile bado sikipendi, na nikikukuta humo wakati wa darasa nitakutoa. Lakini kuna tofauti kubwa baina ya anayekula muda wake kwa gemu ya mwenziwe na anayeketi kuitengeneza yake. Mtengenezaji hulazimika kujua kila hatua na sababu yake. Na elimu hii si ya wageni kwetu. Al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya tisa, sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra aliiweka katika hesabu za mirathi na wasia, na kutokana na jina lake wataalamu wa kompyuta wamepata neno algoridhimu, yaani utaratibu wa hatua kwa hatua ambao kompyuta huufuata. Watatu wale, kwenye laptopu isiyo na betri, walikuwa katika njia aliyoipita yeye.

Nina nasaha mbili tu. Ya kwanza ni kwenu: mwalimu akikwambia jambo, na ulichokisoma kinakwambia jingine, rudi umuulize mara ya pili kwa adabu. Kumheshimu mwalimu ni pamoja na kumkinga asipoteze watu. Ya pili ni kwangu na kwa walimu wenzangu: kusema "nipe muda nikatazame" ni sehemu ya elimu, na nafsi isituzuie.

Tangu mwaka ule, nikihudhuria msiba, kabla ya kuondoka humwita msimamizi pembeni nikamuuliza polepole: "Je, kuna anayemdai marehemu?" Swali hilo nilifundishwa na muuza samaki wa kwenye gemu.