Deni la Picha Kilwa Kisiwani

Ukitoka Kilwa Masoko kwa mashua, huna muda mrefu wa kukaa. Mlango wa bahari ni mwembamba, na kuta za Gereza huonekana mbele yako mapema. Sisi wajumbe watano wa kamati ya msikiti tulivuka asubuhi moja ya Mfungo Mosi, tukiwa na kibali, maji, tende, na kamera kuukuu tuliyoachiwa na marehemu mweka hazina wetu. Nia yetu ilikuwa kuwaletea watoto wa madrasa picha za mji ambao wazee wao walisujudu karne nyingi kabla yetu.

Kamera hiyo ni ya aina iitwayo renjifainda. Mpigaji hatazami kupitia lenzi, bali kupitia kidirisha kilicho juu yake. Humo huona taswira mbili za kitu kimoja, naye huzungusha pete ya lenzi mpaka zikutane na kuwa moja. Mkanda wake ni wa picha 36, na hakuna kioo cha kukuonyesha papo hapo ulichokipata.

Ndani ya Msikiti Mkuu tulikaa kitambo bila kupiga picha hata moja. Sehemu ya kale zaidi iko kaskazini. Kusini yake upo ukumbi mpana wa nguzo, matao na kuba, vyote vya mawe ya matumbawe na chokaa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akausifu uzuri wa mji na ukarimu wa mtawala wake. Yeye hakuwa na kamera. Alichobeba ni kumbukumbu, na kwa hiyo tunamsoma hadi leo. Tulipoinua kamera, nguzo moja ilionekana mbili, kisha ikatulia ikawa moja.

Kijijini tulipiga picha za maisha ya kila siku: fundi akiziba mashua, nyavu zikianikwa, watoto wakitoka chuoni na juzuu zao. Masheikh wamehitilafiana juu ya picha, nasi hatukutaka kuwa wazembe katika jambo hilo. Tuliomba idhini kwanza, na milango ya nyumba za watu hatukuielekezea lenzi.

Mzee aliyetuongoza alitwambia neno lililotuingia moyoni: "Wanangu, wanaotupiga picha hapa ni wengi. Wanaoturudishia ni wachache." Tukamwahidi kwamba sisi tutarudisha. Jioni, tukiwa tayari tumefika pwani, alimtuma mjukuu wake akamletee kofia na kanzu. Alitaka picha moja ya kumpelekea binti yake anayeishi Tanga, ambaye hawajaonana kwa miaka. Tukampiga picha tano, zilizokuwa za mwisho katika mkanda.

Mkanda uliposafishwa, picha 31 zilitoka vizuri. Zile tano za mwisho hazikuwa na kitu. Tulipokuwa tukijiandaa kupanda mashua, tulifunika lenzi kuikinga na mchanga, kisha tukasahau kuifunua. Kwa kuwa kidirisha si lenzi, tuliendelea kumwona mzee kwa uwazi kabisa, ilhali kamera haikumwona.

Katika kikao mmoja wetu alipendekeza tutume zile 31 kwa mtu anayesafiri, tuseme nyingine ziliharibika njiani. Tukakumbushana kwamba aya ya kwanza ya Suratul-Maida inawaamrisha waumini kutimiza ahadi, na kwamba uongo mdogo wa kusitiri uzembe ni uongo vilevile. Tukachanga nauli.

Mzee alizipokea bahasha, akawaita wenyewe mmoja mmoja. Fundi aliitazama picha yake muda mrefu, akaificha ndani ya kofia. Kisha tukamweleza mzee habari ya kifuniko, macho yetu yakiwa chini. Alicheka mpaka akashika mkongojo kwa mikono miwili. "Basi leo kiondoeni," akasema, "na mmoja wenu akae nacho mkononi nikione." Katibu wenu ndiye aliyekishika.

Picha hiyo sasa iko Tanga, alhamdulillah. Nakala yake hatukuitundika msikitini pamoja na zile za kuta na nguzo, kwa sababu mzee aliitoa kwa binti yake, hakuitoa kwa umma.

Ndugu wasomaji, simu zetu zimejaa nyuso za watu ambao hawajawahi kuziona picha zao. Likizo hii, wazazi na watoto wachague picha moja ya jirani, ya bibi au ya mwalimu wa madrasa, waichapishe, waandike jina na tarehe nyuma yake, kisha waipeleke kwa mwenyewe kwa mkono. Wabillahi tawfiq.